Eileen Gray: Nyumba aliijenga yeye, sifa zikaenda kwingine

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga, fungua uingie ndani. Methali hii aghalabu hutumiwa kuwahusu watu wenye sura nzuri na tabia isiyolingana na sura hiyo. Leo ningeomba ichukuliwe kwa maana yake ya juu juu, kwa kuwa ipo nyumba moja nchini Ufaransa ambayo kwa takriban miaka 40 iliandikwa na watu walioishia mlangoni. Waliipiga picha, wakaisifu, wakaitaja katika historia ya usanifu wa majengo, ilhali jina la mwanamke aliyeibuni wakaliacha nje.

Nyumba yenyewe iko Roquebrune-Cap-Martin, kusini-mashariki mwa Ufaransa, baina ya Monaco na mji wa Menton ulio karibu na mpaka wa Italia. Imekaa juu ya mteremko wa mawe unaoishia katika bahari ya Mediterania. Ni nyeupe, ina paa bapa, na sehemu yake moja imeinuliwa juu ya nguzo nyembamba, hivi kwamba mtu aliye baharini huweza kuidhania kuwa chombo kilichotia nanga mlimani. Ilikamilika mnamo mwaka wa 1929. Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba ni kazi ya Jean Badovici, msanifu majengo mzaliwa wa Rumania; wengine wakaihesabu miongoni mwa kazi za Le Corbusier, jabali wa usanifu wa karne ya 20. Aliyeibuni ni Eileen Gray, na maisha yake yanastahili kujulikana na kila mwalimu anayewafunza vijana jinsi historia inavyoandikwa.

Gray alizaliwa tarehe 9 Agosti mwaka wa 1878 karibu na mji wa Enniscorthy, katika jimbo la Wexford, Ireland. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Babake, James Maclaren Smith, alikuwa mchoraji aliyependa kuishi Italia kuliko nyumbani kwake. Mamake alitoka katika ukoo wa makabaila wa Uskoti, na alipourithi ukabaila huo mnamo mwaka wa 1895, jina la ukoo wake, Gray, ndilo lililoshika kwa watoto, la Smith likasahauliwa. Katika miaka hiyo hiyo shemeji mmoja aliishawishi familia iijenge upya nyumba yao ya Brownswood kwa fahari na madoido. Eileen alikuwa ameipenda ile ya kale, ambayo haikuwa na makuu. Mpya aliichukia. Haikuwa mara ya mwisho kwa nyumba aliyoipenda kubadilishwa na mtu asiyemtaka shauri.

Alisomea uchoraji katika shule ya Slade jijini London, akahamia Paris mnamo mwaka wa 1902, na baada ya kwenda na kurudi kwa miaka michache akapanga mahali katika barabara ya rue Bonaparte, nambari 21. Humo alidumu tangu mwaka wa 1907 hadi kufa kwake, muda wa miaka takriban 70. Wasichana wa tabaka lake walitarajiwa kuchora maua kidogo kisha waolewe. Yeye alichagua kujifunza kazi ya mikono, tena iliyo ngumu: kazi ya laka. Laka ni utomvu wa mti wa Asia ya Mashariki ambao hupakwa juu ya ubao tabaka baada ya tabaka, pengine 20 au zaidi, na kila tabaka sharti likauke kwa siku kadhaa katika chumba chenye unyevu na lisuguliwe kabla ya kupakwa jingine. Utomvu huo huwasha ngozi na kuitoa vipele. Mwalimu wake alikuwa Mjapani, Seizo Sugawara, na walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Kufikia mwaka wa 1914 tajiri mmoja mpenda sanaa, Jacques Doucet, alikuwa amekinunua kiwambo chake chekundu cha kukunja, na wateja wa Paris wakaanza kumtafuta.

Mnamo mwaka wa 1922 alifungua duka la kuuzia samani na mazulia yake katika barabara ya Faubourg Saint-Honoré. Duka hilo hakulipa jina lake. Aliliita Jean Désert, jina la mwanamume asiyekuwepo. Mtu aliyeingia pale angeweza kudhani kwamba Bwana Désert yu chumba cha nyuma akipiga hesabu, na huyu mama mtulivu mwenye nywele fupi ni msaidizi wake tu. Alifanya hivyo kwa sababu biashara ilikuwa mambo ya wanaume. Lakini nadhani pia kwamba alikuwa mtu asiyependa kutazamwa. Hili litatufaa hapo mbele, kwa kuwa si haki kuwalaumu wengine kwa kulificha jina lake bila kukiri kwamba yeye mwenyewe hakulipigia debe.

Mwaka wa 1923 alionyesha mjini Paris chumba alichokipa jina la Monte Carlo. Magazeti ya Ufaransa yalikibeza kama chumba cha kutishia watu katika sinema za vitisho. Wasanifu wa Uholanzi waliona vingine, na mwaka uliofuata jarida lao la Wendingen likamtengea toleo zima. Ni wakati huo ambapo Badovici, aliyekuwa mhariri wa jarida la usanifu la L'Architecture Vivante, alimshawishi aache samani pekee, ajenge. Gray alikuwa akikaribia miaka 50 na hakuwahi kusomea usanifu wa majengo. Alinunua vitabu, akatembelea majengo mapya, akajifunza kuchora ramani, kisha akatafuta kiwanja. Kile alichokipata Roquebrune hakikufikiwa na barabara ya magari. Watu walikwenda kwa miguu kandokando ya reli. Fedha zilikuwa za Gray, kiwanja kikaandikwa kwa jina la Badovici. Kazi ilianza mwaka wa 1926 ikachukua miaka mitatu, na muda mwingi Gray alikuwa pale pale na mafundi.

Jina la nyumba ni fumbo ambalo mwanafunzi yeyote wa darasa la tatu anaweza kulifumbua. E ni Eileen. Kumi ni J, herufi ya kumi katika alfabeti ya Kilatini, yaani Jean. Mbili ni B, Badovici. Saba ni G, Gray. Herufi za mwanamke zimetangulia na kufunga. Za mwanamume ziko katikati kama zilizokumbatiwa. Wawili hao walipendana, na jina likawa kumbukumbu ya mapenzi hayo. Ila kwa asiyejua, E.1027 ni kama nambari ya bamba la gari. Hivyo nyumba hii ilibeba sahihi ya aliyeibuni tangu siku ya kwanza, lakini kwa maandishi yasiyosomeka.

Ili tuelewe thamani yake, hatuna budi kukumbuka hali ya usanifu wa wakati huo. Saruji iliyotiwa vyuma ilikuwa imeziondolea kuta kazi ya kubeba nyumba. Nguzo zikibeba, kuta zinaweza kukaa popote, madirisha yanaweza kuwa marefu kutoka pembe hadi pembe, na paa linaweza kuwa bapa watu wakalitumia kama baraza. Le Corbusier aliyakusanya mawazo haya katika kanuni tano mnamo mwaka wa 1927. Kabla ya hapo, katika mwaka wa 1923, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba nyumba ni mashine ya kuishi ndani yake. Kauli hiyo ilisafiri dunia nzima.

Gray alizitumia kanuni hizo takriban zote, na nyumba yake ilikamilika kabla ya Villa Savoye ya Le Corbusier, ambayo vitabu huipa kiti cha mbele na ambayo ilimalizika mwaka wa 1931. Lakini fikira iliyo ndani ya kanuni hizo aliikataa. Katika mazungumzo yake na Badovici yaliyochapishwa pamoja na picha za nyumba mnamo mwaka wa 1929, alishikilia kwamba nyumba ni kama gamba la mwanadamu, kitu kinachoendeleza mwili na roho yake, na kwamba wasanifu wa wakati wake walikuwa wakijenga kwa ajili ya macho ya mpita njia na kumsahau anayelala humo. Kwa maoni yangu huu ndio ukosoaji wa mapema na wa haki kuliko wote uliopata kutolewa dhidi ya usanifu wa usasa, tena ulitolewa na mtu aliyekuwa ndani ya usasa wenyewe. Wakosoaji wengi walikuja baada ya vita vya pili vya dunia, majumba ya saruji yalipokwisha kuwachosha wakazi wake. Yeye alisema mapema, na jibu lake lilikuwa nyumba nzima.

Ingia ndani, basi, uone. Mgeni haingii sebuleni moja kwa moja. Ukuta wa pembeni unamzuia na kumgeuza, na maandishi ukutani yanamsihi aingie polepole. Mtu wa Lamu aliyezoea daka hataona ajabu. Sebule inafunguka upande wa bahari kwa milango ya vioo inayokunjwa yote, na chumba kikawa baraza. Gray alichunguza mwendo wa jua na upepo kabla ya kuamua dirisha likae wapi. Meza za chakula alizibandika koki ili vyombo visipige kelele. Kioo cha kunyolea alikipa kioo kidogo cha pili chenye mkono, ili mtu aione hata shingo yake kwa nyuma. Maarufu zaidi ni ile meza ndogo ya duara ya kioo na mabomba ya chuma, ambayo mguu wake huingia chini ya kitanda na kimo chake hurekebishwa, hivi kwamba anayekunywa chai kitandani haimlazimu kujinyoosha. Meza hiyo ingali inatengenezwa na kuuzwa hadi leo, na wengi walioinunua hawajui ilitoka nyumba gani.

Kwa mtu wa taaluma yangu, kinachovutia zaidi ni kwamba nyumba hii inasomwa. Kwenye kabati na rafu Gray alichapa maneno kwa herufi za kibati: hapa mito ya kulalia, pale pajama, kule masanduku ya safari. Mahali pengine kuna mzaha, kama ule unaomkataza mgeni kucheka. Ukutani sebuleni aliweka ramani kubwa ya bahari na maneno ya kualika mtu asafiri. Majengo ya wenzake yalijivunia kuta tupu. Yeye aliruhusu lugha iingie, kwa kiasi, na kwa mahali alipopachagua mwenyewe. Hilo la kuchagua ndilo lililovunjwa baadaye.

Nikomee hapa kidogo nizungumzie sarufi, kwa kuwa kisa hiki kina sarufi yake. Kiswahili chetu kinatofautisha vizuri aliyejenga, aliyejengesha na aliyejengewa. Katika nyumba hii Gray alijenga, kwa fedha zake akajengesha, na kwa hati ya kiwanja Badovici akajengewa. Lakini ipo kauli ya nne, ya kutendwa, inayopendwa mno na waandishi wa vitabu vya kiada: nyumba ilijengwa mwaka wa 1929. Kauli hiyo ni sahihi kisarufi na haisemi uongo wowote. Ila inaacha kiti cha mtenda kikiwa tupu, na kiti kitupu hukaliwa na mwenye jina kubwa aliye karibu. Toleo la mwaka wa 1929 lilitoka katika jarida la Badovici, naye akatajwa pamoja na Gray. Baada ya muda jina la mhariri likabaki na la mama likadondoka.

Mapenzi yao yalipofifia, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Gray aliondoka akamwachia Badovici nyumba. Alijijengea nyingine ndogo milimani huko Castellar, aliyoiita Tempe a Pailla. Hakuteta wala kwenda mahakamani.

Le Corbusier alikuwa rafiki wa Badovici na mgeni wa mara kwa mara Roquebrune. Naye pia hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa Charles-Édouard Jeanneret, na jina la Le Corbusier alijitungia mnamo mwaka wa 1920. Aliipenda nyumba ile na akamwandikia Gray barua ya kuisifu. Kisha, katika mwaka wa 1938 na 1939, kwa ridhaa ya Badovici na bila ya Gray kuulizwa, alichora michoro mikubwa ya rangi kwenye kuta zake. Ipo picha inayomwonyesha akichora akiwa uchi wa mnyama. Gray alipopata habari aliliona tendo hilo kuwa uharibifu. Kuta alizoziacha nyeupe hakuziacha kwa kusahau. Weupe wake ulikuwa sehemu ya kazi, kama vile kimya kilivyo sehemu ya usemi. Badovici mwenyewe alikuja kulalamika mnamo mwaka wa 1949, lakini wakati huo Le Corbusier alikuwa amekwisha kuichapisha michoro hiyo katika maandishi yake, na humo mwenye kuibuni nyumba hakutajwa.

Wapo watetezi wa Le Corbusier wasemao kwamba alinogesha tu kuta za rafiki yake, na kwamba kwa kuchora pale alisaidia nyumba isibomolewe. Hoja ya pili ina ukweli ndani yake. Badovici alipokufa mwaka wa 1956, Le Corbusier ndiye aliyehangaika kumtafuta mnunuzi atakayeitunza, na ikauzwa mwaka wa 1960. Lakini alihangaikia michoro yake. Alikuwa pia amejenga kibanda chake cha mbao hatua chache tu kutoka pale, mnamo mwaka wa 1952, kana kwamba hakuweza kubanduka. Tarehe 27 Agosti mwaka wa 1965 aliingia kuogelea katika ghuba iliyo chini ya nyumba hiyo, akafa majini.

Gray wakati huo alikuwa hai, mwenye umri wa miaka 87, akifanya kazi. Vita vilikuwa vimemnyang'anya vingi: E.1027 ilikaliwa na majeshi na kuta zake zikapigwa risasi, Tempe a Pailla ikaporwa, na makazi aliyokuwa nayo Saint-Tropez yakalipuliwa pamoja na michoro na karatasi zake. Nyingine alizichoma mwenyewe, barua hasa. Jicho moja lilipoteza nuru. Hata hivyo alikuwa amejenga nyumba ya tatu, Lou Pérou, karibu na Saint-Tropez, alipokuwa akielekea miaka 80.

Aliyemrudisha katika historia ni mwanahistoria Joseph Rykwert, kwa makala moja katika jarida la Italia la Domus mnamo mwaka wa 1968. Makala moja tu! Miaka minne baadaye kile kiwambo chekundu kiliuzwa Paris kwa bei iliyowashangaza watu, waandishi wa habari wakaanza kupiga hodi rue Bonaparte, na bibi wa miaka 94 akashangaa wanataka nini. Mwaka wa 1973 aliingia mkataba na Zeev Aram wa London ili samani zake zitengenezwe upya. Alifariki Paris tarehe 31 Oktoba mwaka wa 1976, akiwa na umri wa miaka 98. Kiti chake kimoja, chenye mikono ya joka, kilipigwa mnada Paris mnamo mwaka wa 2009 kwa karibu yuro milioni 22.

Tusije tukamgeuza Badovici kuwa mwizi. Yeye ndiye aliyemwambia mwanamke wa makamo ajenge alipokuwa hakuna mwingine aliyemwambia hivyo. Alimpa ujuzi wa kiufundi, na ni yeye aliyeichapisha kazi. Wanahistoria wangali wanabishana juu ya sehemu yake, na ni sawa wabishane. Ninachokataa ni uvivu wa kuiweka kazi ya mtu asiyejitangaza kwenye hesabu ya mtu anayejitangaza. Mwalimu anayemwonyesha mwanafunzi picha ya jengo, kiti, au hata shairi lisilo na jina, na awe tayari kuulizwa nani, si lini pekee.

Nyumba yenyewe nusura ife. Mmiliki wake mmoja aliuawa humo ndani mwaka wa 1996, ikabaki bila mwenyewe, madirisha yakavunjwa. Mwaka wa 1999 ilinunuliwa na shirika la umma la Ufaransa linalohifadhi pwani, ikafunguliwa kwa wageni mwaka wa 2015, na ukarabati ukakamilika mwaka wa 2021. Samani zilitengenezwa upya kwa kufuata picha za 1929. Michoro ya Le Corbusier haikufutwa, na mimi nakubaliana na waliokataa kuifuta, ingawa najua Gray asingekubaliana nasi.

Mnamo mwaka wa 2016 UNESCO iliingiza majengo 17 ya Le Corbusier katika orodha ya urathi wa dunia, kikiwemo kile kibanda chake cha mbao. E.1027, iliyo hatua chache kutoka hapo, haimo. Anayetaka kuiona hushuka kwenye kituo cha reli cha Roquebrune-Cap-Martin, kisha huifuata njia ya miguu inayopita kandokando ya bahari. Njia hiyo imepewa jina la Le Corbusier.